"Fulani, Sivyo?": Fani ya Spika Inayosikia

Igizo lenyewe ni fupi. Lilichezwa mwaka 2018 katika nyumba moja ya Portland, jimbo la Oregon, Marekani, na waigizaji wake hawakujua kuwa wamo jukwaani. Mume na mke wanaongea habari za sakafu za mbao. Baadaye simu inaita. Ni mfanyakazi wa yule mume, yuko Seattle, anawaambia wachomoe upesi vifaa vyao vya Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, maana amepokea rekodi ya mazungumzo yao. Mume anakataa, haiwezekani. Yule anamjibu kwamba walikuwa wakiongea habari za sakafu.

Amazon ikatoa maelezo, na maelezo hayo ndiyo matini ninayotaka kuisoma hapa, kwa sababu yanasomeka kama maelekezo ya jukwaani. Nikiyaeleza kwa maneno yangu yanakwenda hivi. Spika ikasikia kitu kilichofanana na jina lake, ikaamka. Ikasikia kitu kilichofanana na ombi la kutuma ujumbe. Ikauliza: kwa nani? Ikasikia kitu kilichofanana na jina lililomo katika orodha ya simu. Ikauliza: Fulani, sivyo? Ikasikia kitu kilichofanana na "ndivyo". Ikatuma.

Kati ya kauli zote hizo ni mbili tu zilizotamkwa na aliyekusudia kuzitamka, nazo ni za mashine. Nne zilizobaki, yaani mwito, ombi, jina la mpokeaji na ridhaa, zilichotwa kwenye maongezi ya watu ambao akili yao ilikuwa kwenye mbao. Mke alisema hakuisikia spika ikiuliza chochote. Mimi namwamini, lakini hata tukikubali kwamba iliuliza kwa sauti, umbo halibadiliki. Haya ni mazungumzo kamili, yana mwito na itikio, yana swali na jibu, yana hata kuhakikisha kwa adabu kabla ya kutenda. Yamekamilika huku upande mmoja haujui kwamba unazungumza.

Shuleni tulifundishwa kutenganisha fani na maudhui, kisha mwalimu huyohuyo akatuambia haviachani. Malalamiko mengi kuhusu vifaa vya nyumbani ni ya maudhui: kimesikia nini, kimepeleka wapi, nani kauziwa. Ni malalamiko ya haki. Ila Portland hapakuwa na mdukuzi, wala hapana aliyeiba kitu. Kila hatua ilikwenda kama ilivyotungwa iende. Mtu akitaka kujua kilichoharibika, itambidi asome utunzi wenyewe. Wajerumani waliwahi kusoma hivyo mwaka mmoja kabla, mwezi Februari 2017, mamlaka yao ya mawasiliano ilipopiga marufuku mwanasesere aitwaye My Friend Cayla, aliyekuwa na maikrofoni na njia ya kuunganishwa na intaneti, na kuwashauri wazazi wamharibu. Sheria waliyoitumia haikuuliza mwanasesere alisikia nini. Iliuliza kwa nini kipeleka sauti kimevaa sura ya mwanasesere. Huo ni uhakiki wa fani, tena wenye meno.

Tuanze na vitenzi. Maelezo ya kampuni, katika Kiingereza chake, yana ngazi tatu. Mwanzoni hakuna mtenda: maneno yalisikika kama ombi, maongezi yalifasiriwa kama jina. Kisha mtenda anajitokeza, naye ni Alexa: aliuliza kwa sauti, akafasiri jibu. Mwisho kabisa, sentensi inapofikia ahadi ya kutazama namna ya kupunguza uwezekano wa jambo hilo kutokea tena, ndipo "sisi" inapoingia. Kosa halina mwenyewe, marekebisho yana mwenyewe.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji shahada kuliona hili. Mtoto aliyevunja glasi hasemi "nimevunja glasi". Anasema "glasi imevunjika", na mama yake, ambaye huenda hajapata kusikia jina la kauli ya kutendeka, humjibu papo hapo: "Imevunjika yenyewe?"

Msomaji mwenye macho ameshaona kwamba nami niliteleza. Aya mbili nyuma niliandika "aliuliza", ilhali tangu mwanzo nilikuwa nikiandika "ikauliza". Kiingereza kina mzozo wake hapa, mzozo wa jinsia. Kampuni zilizitoa mashine hizi zikiwa na sauti ya kike, zitii na ziombe radhi, na mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti ndefu ya kuikosoa desturi hiyo. Kiswahili hakina kiambishi cha mwanamke wala cha mwanamume, kwa hiyo mzozo huo kwetu unayeyuka, na mahali pake unasimama mwingine mgumu zaidi: je, huyu ni wa kundi la watu au la vitu? Huwezi kuandika hata sentensi moja ya Kiswahili juu ya chombo hiki bila kutoa hukumu hiyo mwanzoni mwa kitenzi.

Nilikuwapo siku moja hukumu hiyo ilipotolewa. Shangazi yangu wa Tanga alikuwa amekwenda Uingereza kumtazama bintiye aliyejifungua, nami nikapita kuwasalimu. Tulikaa sebuleni, shangazi akitusimulia habari ya posa moja ya ukoo, posa yenye mambo. Katikati ya simulizi, kitu cha mviringo kilichokuwa rafuni kikawaka taa, kikasema kwa Kiingereza kwamba hakikuelewa.

"Nani huyo?" akauliza shangazi.

"Si mtu, mama. Ni spika tu."

"Spika anajibu watu?"

Bintiye akacheka. Shangazi hakucheka. Aliendelea na habari ya posa kwa sauti ya chini, akiinamia mbele kana kwamba kuna mgeni chumba cha pili.

Niliporudi nilijiuliza ni nani kati yao aliyesema sarufi iliyo sawa. Bintiye alikuwa na fizikia upande wake, kwani chombo ni chombo. Lakini kumbuka habari za mwaka 2019. Mwezi Aprili, Bloomberg iliripoti kwamba Amazon ina watu wanaosikiliza baadhi ya rekodi za Alexa na kuzinukuu ili kuifundisha mashine. Mwezi Julai, watangazaji wa Ubelgiji, VRT, walipata rekodi zaidi ya 1,000 za msaidizi wa Google kutoka kwa mtu aliyekuwa na kazi ya namna hiyo, na mwezi huohuo The Guardian likaeleza kuwa vibarua wa Apple walikuwa wakisikia vipande vya rekodi za Siri, vikiwemo vya watu walio kwa daktari na walio faraghani na wenzi wao. Kwa hiyo swali la "nani huyo?" lilikuwa na jibu. Kiambishi sahihi hakikuwa "a-" cha shangazi wala "i-" cha bintiye. Kilikuwa "wa-".

Kampuni zinazotengeneza spika hizi zina utetezi mmoja zinaourudia, nao kwa Kiswahili unatoka wazi kuliko ulivyo kwa Kiingereza, kwa sababu sisi tuna vitenzi viwili vilivyozaliwa pamoja: kusikia na kusikiliza. Spika, wanasema, husikia muda wote lakini haisikilizi. Ndani yake mna kumbukumbu ndogo inayoshika sekunde chache za sauti na kuzifuta, ikitafuta neno moja tu, jina lake. Ikilipata, taa huwaka, na hapo ndipo sauti inapopelekwa kwenye kompyuta za kampuni, mbali na nyumba yako. Kusikia hakuna kosa. Hata ukuta una masikio. Kusikiliza kunahitaji mwito.

Nakubali kwamba tofauti hiyo ipo, tena imepimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern na Imperial College London walizikalisha spika mbele ya vipindi vya televisheni kwa saa nyingi, na hawakupata ushahidi kwamba zinarekodi mfululizo. Walichopata ni kuamka bila kuitwa, tena kwa namna isiyotabirika. Mwaka 2020, watafiti wa Bochum, Ujerumani, pamoja na wenzao wa taasisi ya Max Planck, walikusanya zaidi ya maneno na vifungu 1,000 ambavyo si majina ya mashine hizi lakini viliziamsha. Mpaka kati ya kusikia na kusikiliza upo, lakini mlinzi wake amelegezwa kwa makusudi. Akikaza sana, mwenye nyumba ataita mara tatu bila kuitikiwa na atairudisha spika dukani. Akilegea, ataamka kwa neno la jirani. Mtungaji alipaswa kuchagua upande wa kukosea, akachagua kuamka.

Hapa ndipo fani hii inapogongana na fani nyingine ya mazungumzo ambayo msomaji wangu ameikulia. Hodi ni mazungumzo ya zamu mbili: mgeni huita, mwenyeji huitika karibu. Watu husifu sana ile karibu, ukarimu wa Mswahili na kadhalika, mpaka imekuwa nembo ya kuuzia safari za watalii. Mimi naona nguvu ya hodi imo kwenye kimya chake. Ukiita mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, pasiwe na itikio, unarudi ulikotoka. Ndivyo watoto wa pwani walivyofunzwa nyumbani na chuoni. Sura ya An-Nur imeweka adabu ya kuomba ruhusa, na ikataja hata nyakati tatu ambazo watoto na watumishi wa humohumo ndani wataomba ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya isha. Katika fani hiyo kimya kina maana moja tu, hapana. Aliye ndani hahitaji kutamka neno, wala kujitambulisha, wala kutoa udhuru. Anaweza kuwa amelala, yumo bafuni, au hana hamu ya watu. Anayebeba mzigo wote ni aliye mlangoni.

Nyumba kongwe za mawe za Lamu zimejengwa kwa mantiki hiyohiyo. Unaanzia daka, unaingia tekani, unafika kiwanda, kisha misana, hadi kufika ndani, na njia ya kuingilia imepindishwa ili apitaye barabarani asipenyeze jicho. Kila hatua ni hodi nyingine. Spika inawekwa pale ambapo mgeni angefika mwisho, kama angefika.

Nayo imeipindua hodi juu chini. Mgeni yumo ndani tayari, na mwenyeji ndiye anayebisha kwa kutaja jina. Lakini zaidi ya zamu, tazama kimya kimefanywa nini. Kampuni ingeweza kusema, na ni kweli, kwamba laiti kungekuwa na kimya baada ya "kwa nani?", spika isingetuma kitu. Basi kimya kinakubaliwa kuwa ni hapana. Tatizo ni kwamba kimya hicho ni cha nyumba nzima. Haitoshi kwamba wewe hukujibu. Inabidi asiongee mumeo, asiimbe mtoto, na mtangazaji wa taarifa ya habari afunge mdomo. Nyumba yenye watu haina kimya cha namna hiyo hata usiku wa manane. Kwa hodi, kukataa hakugharimu chochote. Kwa spika, ili kukataa jambo ambalo hujui umeombwa, wote mliomo mnyamaze.

Kwa kupita tu: kengele ya mlangoni yenye kamera, ambayo sasa imeanza kuonekana hata kwenye mageti ya Nairobi na Dar es Salaam, nayo ina namna yake ya kuipindua hodi. Humwona mgeni kabla hajabisha, na humrekodi hata kama hakuja kwako. Ring, ambayo jina lake ni mlio wa kengele na ambayo Amazon iliinunua mwaka 2018, iliuza pia kamera za ndani. Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Marekani iliishitaki kwa kuwaacha wafanyakazi watazame video za faragha za wateja. Mmoja wao alitazama maelfu ya video za wanawake, nyingine za vyumbani na bafuni. Ring ikakubali kulipa dola milioni 5.8. Kampuni iliyopata jina kwa kumwangalia mbisha hodi ikashitakiwa kwa jambo ambalo mbisha hodi hakuhusika nalo kabisa.

Siku hiyohiyo tume hiyo ilitangaza shauri jingine, na hilo linahitaji kusomwa taratibu zaidi. Lilihusu sauti za watoto. Amazon ilidaiwa kwamba ilizihifadhi rekodi za watoto waliozungumza na Alexa bila kikomo cha muda, na kwamba wazazi walipoomba zifutwe, sauti zilifutwa lakini maandishi yaliyonukuliwa kutoka kwenye sauti hizo yakabaki katika baadhi ya hifadhi zake. Ilikubali kulipa dola milioni 25.

Sauti ikafutwa, maandishi yakabaki. Sijui kama kuna mahakama iliyowahi kugusa kwa karibu hivyo mpaka ambao wahakiki wa Kiswahili wamebishania tangu zamani, wa fasihi simulizi na fasihi andishi. Simulizi huishi katika utendaji. Hufa usiku uleule, na kesho husimuliwa upya na mwingine kwa namna nyingine. Msimuliaji akisema "paukwa", hadithi haianzi mpaka wasikilizaji waseme "pakawa". Mazungumzo ya nyumbani ni ya ukoo huo. Mtoto hunena upuuzi jioni na asubuhi hana deni nao. Spika huchukua tamko lililozaliwa ili life na kulipa mwili wa maandishi, mwili unaotafutika, unaopangika kwa tarehe, unaoweza kuwekwa mezani mbele ya wakili. Mzazi aliyebonyeza kitufe cha kufuta aliamini kwamba anafuta kitu kimoja. Vilikuwa viwili, naye alionyeshwa kimoja.

Kitufe nacho ni sehemu ya fani. Baadhi ya spika za Alexa ziitwazo Echo, nchini Marekani, zilikuwa na chaguo la kuamuru sauti ichakatwe ndani ya kifaa bila kupelekwa kwa kampuni. Tarehe 28 Machi 2025 chaguo hilo liliondolewa, Amazon ikieleza kwamba Alexa yake mpya yenye akili unde inahitaji nguvu za kompyuta zake. Mteja bado anaweza kuagiza rekodi zisihifadhiwe baada ya kutumika, lakini lazima zisafiri kwanza. Kifaa ni kilekile, kipo rafuni palepale, na taa yake ni ileile. Ni nadra sana mtunzi kupata nafasi ya kubadilisha maelekezo ya jukwaani wakati tamthilia inaendelea nyumbani mwa mtazamaji.

Nirudi kwenye lile neno la mwisho la Portland, "ndivyo", kwani ndilo linalobeba mzigo wote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, ya hiari, mahususi, na ya mtu anayejua anachokiridhia, ama kwa kauli au kwa tendo lisilo na utata. "Ndivyo" ile ilipita kila mtihani wa mashine na haipiti hata mmoja wa hii. Ilikuwa neno, lakini haikuwa kauli.

Na Alexa haizungumzi Kiswahili. Siku itakapofundishwa, natamani waalimu wake wakae kwanza kwenye sebule kama ile ya bintiye shangazi. Mswahili hasikilizi akiwa kimya. Kimya chake ni dalili kwamba amechoka au ameudhika. Shangazi alipokuwa akisimulia ile posa tulimwitikia kila baada ya pumzi: enhe, haya, naam, sawa, ndiyo, ndivyo, ehee, kabisa. Hakuna hata moja iliyokuwa ridhaa. Wengine wetu tulisema "sawa" kwa mambo ambayo tulikuwa tunayapinga moyoni, na shangazi alijua. Itikio katika lugha yetu ni kumshika msemaji mkono asianguke. Ukimpa msikilizaji asiyetujua kazi ya kutafuta "ndivyo" katika chumba kile, angerudi na gunia.

Nilikaa pale siku tatu. Siku ya pili bintiye aliuchomoa waya wa ile spika, ingawa shangazi hakumwomba. Shangazi hakuona tofauti, kwa kuwa taa ilikuwa imezima hata kabla ya hapo. Kila alipotaka kuendelea na habari ya posa, alitupa jicho rafuni, akauliza kwa kunong'ona:

"Kalala?"

"Kalala, mama," bintiye alimjibu, akimtazama mtoto.